Binti aende, lakini aulize kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu mama aliyeandika wiki iliyopita kuhusu binti yake, mpiga fidla, aliyekubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya upigaji wa muziki wa kale wa Ulaya. Mama alisema, na maneno yake yalinikaa moyoni siku nzima, kwamba binti ana shahada ya kwanza nzuri na mikono mizuri, na sasa anataka kutumia miaka miwili kuwapigia wafu muziki wao. Aliomba msomaji yeyote aliyepita njia hiyo amwambie ukweli.

Mimi nimepita. Mama, shikamoo yangu ikufikie kupitia gazeti hili. Nitakueleza nilichokiona, pamoja na mwaka mmoja nilioupoteza, maana huo ndio utakaomfaa binti kuliko yote.

Nilikuwa na miaka 26 nilipoanza. Nilipiga fidla tangu utotoni, ile fidla ya siku hizi: nyuzi za chuma, kiegemeo cha kidevu, mto wa begani, upinde mrefu uliobonyea kwa ndani. Siku ya somo la kwanza mwalimu alinitaka nitoe kiegemeo na mto, kisha nipige skeli moja tu, polepole. Fidla ikawa inateleza. Mkono wa kushoto, ambao kwa miaka 18 ulikuwa huru kupanda na kushuka, ghafla ulikuwa na kazi mbili: kubonyeza nyuzi na kushikilia chombo kisianguke. Skeli niliyoijua tangu nikiwa na miaka 9 ilinishinda. Nilitoka chumbani nikiwa na machozi, na niliporudi nyumbani nilikaa na fidla mapajani bila kuigusa.

Wiki ya tatu ndipo nilipoelewa. Kiegemeo cha kidevu alikibuni Mjerumani Louis Spohr, mpiga fidla, karibu mwaka 1820. Maana yake watunzi wa kale kama Corelli, Vivaldi na Bach walifariki bila kukiona. Nilipokuwa nikifanyia mazoezi sonata moja ya Corelli nikaona kwamba pale mkono unapotakiwa kuhama, mara nyingi mtunzi ameweka uzi unaopigwa wazi bila kidole, au ameacha pumzi kidogo. Nafasi hizo nilikuwa nazipita miaka yote kama mtu anayepita mlango asijue kuwa ni mlango. Mkono ulipokosa msaada wa kidevu, ukaitafuta ile nafasi wenyewe, na wimbo ukapumua mahali ambapo sijawahi kuusikia ukipumua.

Kwa hiyo mama akiuliza kwa nini binti anahitaji fidla nyingine wakati anayo nzuri tayari, jibu langu ni hilo. Chombo cha kale ni mwalimu wa pili. Nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo; zinakataa kulazimishwa, ukikandamiza zinakwaruza, na mvua ikinyesha zinabadilika sauti katikati ya wimbo. Upinde ni mfupi, mwepesi, umebinuka kwa nje kama upinde wa mshale, na ncha yake haina nguvu. Upinde tunaoujua leo ulipata umbo lake kwa François Xavier Tourte wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18, na sifa yake kubwa ni kwamba sauti inaweza kubaki na nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho wa kuuvuta upinde. Upinde wa kabla yake haupendi hivyo. Ukishuka, sauti inakuja na uzito kisha inafifia. Ukipanda, inakuja nyepesi. Yaani wenyewe unakupa silabi nzito na silabi nyepesi, kama maneno. Georg Muffat, aliyechapisha mwaka 1698 maelezo ya jinsi okestra ya mtunzi Lully ilivyopiga nchini Ufaransa, anasisitiza kwamba pigo la kwanza la kila baa, yaani la kila fungu la mapigo, lipigwe kwa upinde unaoshuka. Nilipoisoma kanuni hiyo nikiwa na upinde wa kisasa mkononi niliiona ya kijeshi. Kwa upinde wa kale, miguu yangu ilianza kutaka kucheza.

Lakini chombo peke yake hakitoshi kuitwa shahada, na mama ana haki ya kuuliza wanasoma nini hasa kwa miaka miwili. Wanasoma vitabu vya watu waliokuwepo. Ndani ya miaka 6 tu vilitoka vitabu vinne ambavyo kila mwanafunzi wa fani hii hulala navyo: cha Geminiani kuhusu fidla, London, 1751, cha Quantz kuhusu filimbi, 1752, ambacho sehemu yake kubwa haihusu filimbi kabisa, cha Carl Philipp Emanuel Bach kuhusu vinanda, 1753, na cha Leopold Mozart kuhusu fidla, 1756, mwaka uleule alipomzaa Wolfgang, mtunzi mashuhuri. Cha Leopold kimechapwa kwa zile herufi za Kijerumani cha zamani zenye pembe. Mimi Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji. Nilikaa na kamusi usiku kucha kwa kurasa nne.

Na ukishavisoma, unagundua kwamba havikubaliani. Hili ndilo lililonibadilisha, naomba nilieleze taratibu.

Geminiani, Mwitalia aliyekuwa akifundisha London, anasema fidla ikae chini kidogo ya mfupa wa mtulinga. Leopold Mozart, miaka 5 baadaye, anaonyesha namna mbili: moja ni kuiweka kifuani, ambayo anaikiri kuwa inapendeza machoni lakini inasumbua mkono, nyingine ni kuiweka shingoni, kidevu kikija upande wa uzi mwembamba, yaani kinyume kabisa na tunavyofanya sasa. Kisha kuna suala la mtetemo, ule mtikiso wa kidole unaoifanya sauti iwe kama inalia. Geminiani anausifu na anataka utumike mara nyingi kadiri inavyowezekana, hata kwenye nota fupi, kwa kuwa unaipamba sauti. Leopold anawalaumu wapigaji wanaotetemesha kila nota, akiwafananisha na watu wenye homa isiyokatika.

Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa na vitabu vyote viwili, nikamuuliza nani mkweli. Hakunijibu. Aliniambia nichague kipande cha Geminiani na kipande cha mtunzi wa upande wa Leopold, nivipige vyote kwa njia zote mbili mbele ya wenzangu, kisha nitetee nilichochagua. Katika miaka yote ya shahada ya kwanza sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilikuwa nafundishwa vidole gani vitumike, mtetemo uwe mpana kiasi gani, na wapi sauti ipande. Na mwalimu naye alifundishwa hivyo na mwalimu wake. Nilikuwa nimerithi desturi ya karne ya 20 nikidhani ni maumbile ya fidla.

Kuna wanaosema, na Mmarekani Richard Taruskin, mwanahistoria wa muziki, alilisema kwa ukali kuliko wote, kwamba hawa wapigaji wa muziki wa kale hawafufui chochote. Wanapiga kwa ladha ya wakati wao wenyewe, wepesi na usafi unaopendwa na watu wa sasa, kisha wanaipa ladha hiyo cheti cha historia. Nadhani alikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Hakuna rekodi ya Corelli. Mwaka 1700 sonata zake za Opasi 5, yaani mkusanyiko wake wa tano, zilichapishwa Roma, na katika sehemu za polepole nota ni chache mno, nyeupe, kama mifupa. Mwaka 1710 mchapishaji Estienne Roger wa Amsterdam akazichapisha tena, na safari hii sehemu za polepole za sonata 6 za mwanzo zina madoido tele, akidai kwamba ndivyo Corelli mwenyewe alivyozipiga. Hata enzi hizo kuna waliolitilia shaka dai lake. Kwenye mtihani wangu wa mwisho nilipewa moja ya Adagio, yaani sehemu hizo za polepole. Ningeweza kupiga madoido ya Amsterdam, nota kwa nota, na nisingelaumiwa. Nilitunga ya kwangu. Yalinichukua miezi 4, na niliyafuta mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Wafu ambao mama anawasema waliniachia nafasi hiyo kwa makusudi, nami nilipaswa kuijaza nikiwa hai.

Sasa nije kwenye swali ambalo mama hakuliuliza, lakini binti yake atakuwa ameshalifikiria. Vitabu vyote nilivyovitaja vinapatikana bure. Tangu mwaka 2006 ipo maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, ambako mtu anaweza kuona kurasa zenyewe za chapa ya Roma ya 1700. Nyuzi za utumbo zinauzwa. Upinde unaweza kuagizwa. Kwa nini basi mtu asijifungie chumbani akasoma mwenyewe, akaokoa ada?

Kwa sababu muziki huu umeandikwa nusu. Chukua hizo sonata za Corelli: karatasi ina mstari wa fidla na mstari wa besi, sauti ya chini, basi. Juu ya besi kuna tarakimu, 6, 7, 4 na 3, na mpiga kinanda anatakiwa azitazame hizo tarakimu na kuunda mlio wote wa kati papo hapo, kwa vidole vyake, akikusikiliza wewe unavuta pumzi wapi. Ukiwa peke yako chumbani hupigi sonata. Unapiga nusu yake. Nilijaribu kupigia rekodi ya kompyuta. Haikusubiri. Nilipoanza kupiga na mtu wa kweli kwenye hapsikodi, kile kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, ndipo nilipojua kwamba madoido yangu mengi hayawezekani, kwa kuwa mwenzangu alihitaji nafasi ya kusema lake.

Na kuna jambo la sikio ambalo halisomeki kitabuni. Kwenye piano ya leo, do na mi zikipigwa pamoja zinaachana kwa senti 400, si senti za fedha bali kipimo cha sauti, mia moja kwa kila nusu-sauti. Umbali ambao maumbile yenyewe yanautaka ni kama senti 386. Tofauti ni ndogo, sehemu ya saba tu ya nusu-sauti, na sote tumeizoea. Asubuhi moja mwanafunzi mwenzangu alizikaza nyuzi za hapsikodi kwa njia ya zamani, ile ambayo mwandishi wa muziki Pietro Aaron aliieleza mwaka 1523, inayozipa do na mi umbali wake safi. Alibonyeza nota mbili akaziachia zilie. Nilizoea kusikia mawimbi madogo ndani ya mlio huo, wa-wa-wa-wa, bila kujua kuwa nayasikia. Yakawa hayapo. Mlio ulisimama kama maji kwenye beseni. Nilichukua fidla nikaweka mi yangu juu ya do yake, nikalazimika kukishusha kidole kiasi ambacho mwalimu wangu wa zamani angenipigia kelele. Tangu siku hiyo siimbi wala sipigi kama nilivyokuwa. Sikio halikubali kurudi.

Nikisema mtu aende chuoni, nasema aende kwa ajili ya hayo: wenzake, vinanda vilivyokazwa nyuzi sawasawa, na mwalimu anayemsikia kila wiki. Jina la chuo ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo nilipoumia.

Chuo cha kwanza nilichokwenda sitakitaja. Kilikuwa na jina ambalo kila mtu nyumbani alilijua, na hilo lilitufurahisha sote. Tangazo lake lilikuwa na picha ya mpiga fidla mkubwa ambaye rekodi zake nilikuwa nazisikiliza tangu ujana, nilimfuata yeye. Katika muhula wa kwanza alifika mara 4. Masomo mengine yote yalishikwa na wasaidizi, kila mmoja na njia yake. Wanafunzi wa muziki wa kale tulikuwa 5: fidla 2, filimbi 2, na mwimbaji mmoja. Hakukuwa na mpiga kinanda wala mpiga sello, ile fidla kubwa ya sauti ya chini. Fikiria hilo baada ya nilichosema kuhusu tarakimu za besi. Hapsikodi ilikuwepo moja, imefungwa kwenye ukumbi ambao ufunguo wake ulihitaji barua, na ilikuwa imekazwa kwa A ya 440, yaani nota ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo cha okestra za kisasa, wakati fidla zetu zilikuwa kwenye 415, nusu-sauti chini. Kwa mwaka mzima sikuwahi kupiga sonata kamili. Na ule mwaka nilikuwa nimeukopea. Nilimaliza kuulipa baada ya miaka 6.

Nilipohama nilikwenda kwenye chuo kidogo ambacho ndugu zangu hawakuwahi kulisikia jina lake, na baadhi yao walinionea huruma. Huko mwalimu alinifundisha dakika 90 kila wiki bila kukosa. Kulikuwa na hapsikodi tatu, na wanafunzi wawili wa vinanda waliokuwa tayari kupiga na mtu saa yoyote, hata saa nne usiku. Mmoja wao ndiye aliyenifungulia sikio asubuhi ile.

Huko pia ndiko nilikokutana na Biber. Heinrich Biber alikuwa mpiga fidla wa Salzburg, na karibu mwaka 1676 aliandika sonata 15 juu ya mafumbo ya Rozari, na ya 16 ya fidla peke yake. Karibu kila moja inataka nyuzi zikazwe tofauti na kawaida, hivyo unachokisoma sicho kinachosikika. Sonata ya 11, ya Ufufuko, inakwenda mbali zaidi: nyuzi mbili za katikati zinabadilishana nafasi, zinapishana nyuma ya daraja na tena kule juu kwenye vigingi, na ukiitazama fidla unaona msalaba. Chombo kizima kinabaki na G mbili na D mbili. Mwalimu aliniazima fidla yake ya akiba kwa kazi hiyo, kwa kuwa nyuzi huchukua siku kadhaa kutulia. Niliposhusha upinde kwenye nyuzi mbili jirani na kidole kimoja kikalala juu ya zote, ikatoka oktavu, yaani nota ileile chini na juu kwa pamoja, na ule wimbo wa kale wa Pasaka ambao Biber ameuweka ndani yake ukasikika kama unaimbwa na watu wawili, mkubwa na mtoto. Mwalimu hakusema neno. Wala mimi sikuweza. Nimeshapiga kumbi nyingi baada ya hapo, na bado kile chumba kidogo chenye dirisha bovu ndicho ninachokikumbuka nikiulizwa kwa nini nilisoma.

Mama ameuliza pia binti atakula nini. Sitamdanganya. Ajira za kudumu katika fani hii ni chache sana. Vikundi na okestra nyingi za muziki wa kale hulipa kwa tamasha, au kwa mradi wa wiki mbili, kisha kila mtu anarudi kwake. Mimi nusu ya kipato changu ni kufundisha watoto fidla ya kawaida. Sehemu nyingine ni matamasha. Iliyobaki ni kuandaa nota kutoka kwenye hati za zamani ili wengine wazipige. Ninaishi kwa hayo, bila anasa. Nikolaus Harnoncourt, ambaye jina lake linatajwa kwanza kila panapozungumzwa kufufuliwa kwa muziki huu, aliunda kikundi chake Vienna mwaka 1953. Walifanya mazoezi na utafiti miaka 4 kabla ya tamasha lao la kwanza la hadhara. Na muda wote huo, hadi mwaka 1969, aliendelea kukaa kwenye kiti chake cha sello katika okestra ya Vienna Symphony, miaka 17, ili nyumba yake iendeshwe. Kwa hiyo namuomba binti asiiache fidla yake ya kisasa wala asiuone ualimu kuwa kushindwa.

Suala la malipo si la leo. Mwaka 1507 hesabu za mfalme Henry VII wa Uingereza zinaonyesha mpiga tarumbeta aliyeitwa John Blanke akilipwa peni 8 kwa siku. Mfalme mpya alipotawazwa, Blanke alimwandikia kuomba apewe peni 16, sawa na mwenzake aliyekuwa amefariki, na akakubaliwa. Tunajua sura yake, kwa kuwa amechorwa mara mbili kwenye hati ndefu ya mashindano ya Westminster ya mwaka 1511, juu ya farasi, na kilemba kichwani. Ni mtu mweusi.

Nimemtaja kwa sababu mama aliandika pia kwamba huo ni muziki wa Wazungu na wenyewe wapo. Maneno hayo nimeambiwa na watu wengi, wengine kwa wema. Ninachoweza kusema ni kilichomo kwenye hati. Joseph Bologne, Chevalier de Saint-Georges, aliyezaliwa Guadeloupe na mama mtumwa mwenye asili ya Afrika, alikuwa mmoja wa wapiga fidla hodari wa Paris, na ndiye aliyeongoza okestra ambayo mtunzi Haydn aliandikiwa maombi ya kuitungia simfonia zake 6 za Paris. George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika, alisimama Vienna tarehe 24 Mei 1803 na fidla yake, Beethoven akiwa kwenye kinanda, na wakaipiga kwa mara ya kwanza ile sonata kubwa ambayo leo inaitwa kwa jina la mtu mwingine, Kreutzer. Nilipoingia chuoni majina haya hayakuwa kwenye ratiba. Tasnifu yangu niliiandika kuhusu konseto za Saint-Georges, vipande vya fidla moja mbele ya okestra, jinsi anavyoupeleka mkono wa kushoto juu kabisa kwenye uzi mwembamba, na swali langu lilikuwa la kifundi tu: aliwezaje, bila kiegemeo cha kidevu? Nilitumia miezi kulijibu kwa vidole vyangu mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza wakati huo nafanya nini katika muziki wa wengine.

Sasa, binti. Barua ya kukubaliwa kwa kawaida ina siku ya mwisho ya kujibu, na chuo kinapenda ujibu haraka. Kabla hajasaini, aandike barua mbili.

Ya kwanza kwa mwalimu mwenyewe, si kwa ofisi ya udahili. Aulize: utakuwepo wiki ngapi katika muhula, na nani atanifundisha usipokuwepo? Mwalimu mwenye nia atajibu kwa tarehe. Akijibiwa kwa sifa za chuo, hilo pia ni jibu. Ikiwezekana aombe somo moja la majaribio, aende na vipande viwili, kimoja asichokijua vizuri, aone anafundishwa au anasifiwa tu.

Ya pili kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na huyu ndiye muhimu zaidi. Amuulize wapiga vinanda wako wangapi, na wapiga sello au viola da gamba, chombo cha kale cha nyuzi kinachoshikwa kati ya magoti, wangapi. Vinanda vimekazwa kwa 415 au vinangoja mgeni ndipo vikazwe? Ufunguo unakaa na nani? Chuo kinaazima fidla na upinde wa kale, au kila mtu anajinunulia? Mara ya mwisho walipiga lini kitu kizima pamoja, na kilikuwa kitu gani? Mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo.

Kuhusu fedha, vyuo vinatofautiana sana. Viko vyenye ada ndogo, viko vinavyowafutia ada wote wanaokubaliwa katika fani hii, na viko vinavyotoza kama vinauza nyumba. Kukubaliwa bila ufadhili si mwisho; anaweza kuwaandikia akaomba, kama Blanke alivyomwandikia mfalme wake, na anaweza kuomba kuahirisha mwaka mmoja. Mwaka wa kusubiri, akisoma vitabu vile vinne na kujifunza kusoma besi yenye tarakimu kwenye kinanda chochote, hautapotea. Wangu wa deni ulipotea.

Na kama bado hajawahi, leo jioni atoe kiegemeo cha kidevu, aweke kitambaa laini shingoni, apige Adagio ya sonata ya kwanza ya Corelli polepole, akitumia chapa ya 1700, ile yenye nota chache. Mama akae naye chumbani asikilize.

Wako katika kusoma na kuandika,
Mpiga fidla, msomaji wenu wa siku nyingi